Mwalimu Asiyetoa Mkono

Mwalimu wangu wa farasi hakuwa akimpa mtu mkono. Si mwanafunzi, si mkuu wa chuo, si padri aliyekuja kutubariki siku ya kufungua mwaka. Ukimnyooshea wako, alirudisha mikono yake nyuma, akaifumbata chini ya koti lake jeupe, akainama kidogo na kukuuliza habari za kwenu kwa upole uliokufanya uone aibu ya kukasirika. Naandika haya Alhamisi, kwa haraka, katika daftari lilelile nililoandikia masomo yake, kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka.

Mimi ni mtu wa Uvira. Kwetu mkono unatolewa hata kwa mtu mliyegombana naye jana, halafu ugomvi unaendelea. Siku ya kwanza, mkono wangu ulipobaki hewani mbele ya darasa zima, nilirudi kazini nimevimba kwa hasira. Mama Grâce, mwenye saluni niliyokuwa nikisuka katikati ya mji wa Durban, alicheka mpaka akaweka kitana chini.

"Ule muzee hana adabu," akasema. "Na weye ulienda kutafuta nini kwa farasi? Farasi iko na masomo gani? Haisemake, haiandikake!"

Nilichokuwa nakitafuta nilikijua vizuri sana. Nilimwacha mama yangu Uvira nikiwa na miaka kumi na tisa, na tangu siku hiyo nilikuwa na sauti yake tu, kwenye simu, Jumapili kwa Jumapili. Kila mara aliniuliza swali moja: utaniita lini? Saluni isingemwita. Nilihitaji kazi ya mkataba na chumba changu mwenyewe, na mazizi ya pale Greyville, nyuma ya uwanja wa mbio, yalitoa vyote viwili kwa yeyote ambaye mzee huyu angemwandikia barua. Wenye mazizi hawakuuliza cheti. Waliuliza, "Yule mzee amekupitisha?"

Alinipata kwa sababu ya nywele. Mwaka 2010 mama mmoja wa mazizini alikuja saluni kutafuta mtu mwenye vidole vyepesi, awasuke farasi singa za shingoni kwa ajili ya maonyesho. Wenzangu walicheka. Mimi nilikwenda, nikapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikasuka farasi kumi na mmoja mpaka saa nane mchana. Nilipogeuka nikamwona mzee mwenye koti jeupe lililopigwa pasi amekaa kwenye mzigo wa nyasi kavu. Hakuwa akiwatazama farasi, alitazama vidole vyangu.

"Wewe ni Mswahili?" aliniuliza.

"Mkongo, baba."

"Basi tutaelewana. Kuja shule. Mimi nafundisha."

Tangu siku hiyo aliniita Msusi, nami nikamwita Mwalimu, na hakuna kati yetu aliyelitaka jina la mwenzake. Kiswahili chake kilikuwa cha mazizi ya zamani ya Kenya, ambako alikuwa saisi, mtunza farasi, kabla hata sijazaliwa. Zaidi ya hapo hakusema, na ukimchokonoa alikuuliza farasi ana mifupa mingapi.

Chuo chetu kilikuwa kidogo kiasi cha kupitwa bila kuonekana. Darasa lilikuwa juu ya duka la matairi, na zizi liko Clairwood, limebanwa na maghala mawili. Malori ya bandarini yalipita mchana kutwa hadi madirisha yakatetemeka. Tulikuwa wanafunzi tisa na farasi sita, wote wastaafu wa mbio. Mwalimu alifundisha kwa Kiingereza, kisha akaja mezani kwangu akayarudia yaleyale kwa Kiswahili, taratibu, bila kunifanya nijione mjinga. Kwa hilo peke yake nitamshukuru mpaka mwisho.

Mtu wa vitabu alikuwa. Hilo ndilo lililonichanganya. Mwanafunzi yeyote aliyenong'ona habari za majini au uchawi aliitwa ubaoni achore kano zote za mguu wa mbele, na akikosea anarudia. "Hakuna shetani hapa," alisema. "Kuna damu, na kuna joto. Damu ikikwama, joto linakuja. Ni hayo tu." Halafu mtu huyohuyo anapanda taksi na kikombe cha bati mkononi, kwa sababu kwenye taksi za Durban, zile basi ndogo za abiria, nauli hupitishwa mkono kwa mkono mpaka mbele, naye hakutaka vidole vya mtu viguse vyake. Karatasi za mtihani alizipanga mezani, tukaja kujichukulia. Chai alikunywa amesimama, mbali na watu. Nilimhesabu kuwa mtu wa maringo, na nilikosea kabisa.

Sasa niseme juu ya asubuhi zake, maana ndizo zilizonitia ubaridi kwanza.

Saa moja kamili viatu vyake viligonga sakafu ya zizi. Kabla hajafungua mlango wowote, farasi waliinua mguu wa mbele wa kushoto, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja chumbani mwake, wakaushikilia hewani. Hakuna aliyewaamuru. Nimefanya kazi na farasi wengi tangu hapo na sijaona tena kitu kama hicho. Lakini mara chache mmoja wao hakuinua. Alirudi nyuma, akajibana ukutani na kuuficha mguu wake gizani. Mwalimu alisimama mbele ya mlango huo muda mrefu kuliko mingine, akasema kwa sauti ndogo, "Najua, mzee wangu. Najua. Wacha nione tu."

Kisha alichuchumaa. Alifumba macho, akaushika mguu kutoka gotini kushuka mpaka juu ya kwato, pale nyuma ambapo mshipa unapiga, akavuta pumzi tatu. Mguu mzima aliupiga kikofi kidogo cha mapenzi. Mguu wenye jambo aliuachia polepole, akainuka, akapangusa kiganja kwenye koti lake mara tatu, huku akianza kuzungumzia kitu kingine kabisa, mvua au lori lililoziba lango. Tulikuja kuijua ishara hiyo, maana farasi wa namna hiyo hawakudumu. Akipangusa tu, Sbu, kijana wa Kizulu niliyekaa naye dawati moja, alininong'oneza, "Eish. Huyo basi."

Nasi alitufunza hivyohivyo. Alitufunga macho kwa kitambaa, akatuletea farasi tusiyemjua, tuseme mguu upi una kasoro. "Macho ni ya haraka sana," alisema. "Wacha mkono iende kwanza. Na usiniambie anaumwa. Niambie joto iko wapi." Wenzangu walikuwa wakibahatisha. Mimi, labda kwa sababu ya miaka ya kutafuta mstari kwenye vichwa vya watu bila kuutazama, nilianza kupatia. Kufikia mwezi wa tano nilikuwa sikosei hata mara moja. Nilifurahi kama mtoto. Nilihesabu kila jibu sahihi kuwa kilomita moja ya safari ya mama.

Mwalimu hakufurahi. Nilipopatia, alikifungua kile kitambaa usoni mwangu na kunitazama kwa namna ambayo wakati huo sikuielewa. Leo najua ilikuwa huruma.

Mara moja tu nilimwona akimgusa mtu. Sbu alirushwa na farasi, akaangukia mgongo, akalala bila kupumua vizuri. Tuliganda wote. Mwalimu alikimbia, mzee yule, akapiga magoti na kukamata kifundo cha mkono wa Sbu, macho amefumba. Pumzi tatu. Halafu akacheka kicheko kikubwa ambacho hatukuwahi kukisikia kwake.

"Huyu bado!" akapaza sauti. "Huyu bado kabisa! Mleteeni mkate!"

Sbu alikula mkate wa Mwalimu wote, na mgongo ukiuma. Tulitaniana naye wiki nzima, tukimwita Bado. Hakuna aliyejiuliza "bado" nini.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi kidogo, nilipogusa kitu ambacho hakikuwa joto. Farasi alikuwa yule mwekundu niliyempa jina la Bwana Harusi, kwa mwendo wake wa mtu aliyevaa suti ya kuazima. Nilikuwa nimefungwa macho. Miguu minne yote ilikuwa baridi na safi. Lakini kwenye mshipa, nyuma ya mapigo, nilisikia kitu kikiondoka. Siwezi kukieleza vizuri. Ni kama umekaa sebuleni na mtu anafunga mlango wa chumba cha nyuma, taratibu, asikusumbue. Malori yalikuwa yakipita nje, lakini masikioni mwangu hapakuwa na sauti yoyote.

"Mguu gani?" Mwalimu akauliza.

"Hakuna mguu, Mwalimu. Miguu ni mizima. Yeye ndiye... anaondoka."

Kisha vidole vyake vikafungua fundo la kitambaa kwa uangalifu mkubwa, visiguse hata unywele wangu.

"Pole, Msusi," akasema.

Daktari wa mifugo alikuja, akampima Bwana Harusi toka meno mpaka mkia, akasema yuko sawa. Siku ya nne tulimkuta amelala, shingo imenyooka kuelekea mlangoni. Wenzangu walisikitika. Mimi niliogopa, na niliogopa mikono yangu mwenyewe.

Nilimfuata Mwalimu kwenye chumba cha hatamu na matandiko. Alikuwa akipaka mafuta ngozi, na hakuinua kichwa.

"Ningekuacha ukisuka watu," akasema. "Niliona vidole vyako nikawa na tamaa. Mimi ni mzee, nilitaka kuacha mtu. Nisamehe."

"Lakini nimejua, Mwalimu. Si ndicho ulichotaka nijue?"

"Farasi ni shule tu. Ukishajua, mkono haitofautishi. Mguu wa farasi, mkono wa mtu, ni damu ileile." Akaipindua hatamu, akapaka upande wa pili. "Sasa unafahamu kwa nini sisalimii."

Niliketi kwenye ndoo. Nikamuuliza kama mtu anaweza kujipima mwenyewe. Akasema hapana, alijaribu miaka mingi, mkono haujisikii. Nikamuuliza kama aliwahi kumwambia mtu alichosikia.

"Mmoja. Mke wangu. Nilidhani ni haki yake." Akaongeza mafuta kwenye ngozi. "Alikuwa amebaki na siku kumi na mbili. Hakulala hata moja. Hakula. Alikaa akinitazama mikono. Kama ningefunga mdomo angepika, angeenda kanisani, angenigombeza. Mimi nilimwibia siku zake. Usiwahi kusema, Msusi. Usiguse, na ukigusa, usiseme."

Mtu atasema ni mzee mpweke na binti mwoga, wametiana wazimu. Nami nilijiambia hivyohivyo njia nzima ya kurudi mjini. Nilijiambia mpaka Jumatano ya wiki iliyofuata, alipoketi kwenye kiti changu binti mmoja wa Bukavu, mchekaji, anayeolewa Jumamosi. Alitaka misuko midogo sana, ya kurudi nyuma. Alikuwa akinisimulia habari za keki. Vidole vyangu vilifika nyuma ya sikio, pale mshipa unapopiga, na mlango wa chumba cha nyuma ukafungwa.

Nilidondosha kitana.

"Iko nini?" Mama Grâce akauliza.

"Njaa," nikasema.

Nilimsuka mpaka mwisho. Saa sita nzima, vidole vyangu kichwani mwake, yeye akicheka na mimi nikicheka naye, na sijawahi kusuka misuko mizuri kama ile. Aliolewa Jumamosi. Jumanne Mama Grâce aliingia saluni bila kusalimia mtu.

"Ule binti wa mariage amekufa," akasema. "Asubuhi bwana wake anamuamsha, hapana. Banasema ni roho ilisimama. Batamuzika kesho, na banasema nywele isiguswe, ibakie vile uliisuka."

Nilitoka nje nikasimama kwenye robot, zile taa za barabarani, zikawa nyekundu, zikawa kijani, sijui mara ngapi, watu wananipita. Nililia kwa ajili yake, na nililia kwa hasira pia, kwa sababu nilielewa kwamba sitashika tena kichwa cha mtu, wala mtoto wa mtu, wala mkono wa mwanamume yeyote atakayenipenda. Kesho yake niliacha saluni. Mama Grâce alidhani nimepata kiburi cha shule, na nilimwacha adhani hivyo.

Mwalimu aliniandikia barua yangu mwisho wa mwaka. Ilikuwa mistari miwili. Wenye mazizi wa Greyville walinichukua siku hiyohiyo, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikizunguka alfajiri, nikichuchumaa, pumzi tatu. Wenye farasi wananisifu. Watu wengine wa kazini wanasema yule Mkongo ana maringo, haoni haja ya kusalimia. Ninaficha mikono nyuma, naulizia habari za kwao. Nimekuwa yeye, kasoro koti tu.

Na mwezi uliopita, baada ya makaratasi yasiyo na mwisho, mama yangu alianza safari.

Juzi Jumanne Mwalimu aliniita. Anakaa ghorofa ya nne, chumba kimoja, dirisha linaangalia uwanja wa mbio. Nilimkuta kwenye kiti, koti limepigwa pasi, viatu vimefungwa kamba. Amekonda. Joto la mwezi wa pili lilikuwa limejaa chumba kizima na feni haikusaidia kitu.

"Msusi," akasema. "Nataka unisalimie."

Akaninyooshea mkono.

Miaka minne sikuwahi kuuona ukinyooshwa kumsalimia mtu. Ulikuwa mkubwa na mweusi. Nilielewa mara moja anachoomba. Mkono haujisikii wenyewe. Alitaka kujua kama bado, na duniani palikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza.

"Ulinikataza kusema," nikamwambia.

"Mimi naomba. Hiyo ni tofauti."

Nawaambia ukweli, mbali ya hayo yote kulikuwa na jambo la kizamani tu: mimi ni mtu wa Uvira na mzee amenipa mkono. Niliupokea. Nikafumba macho. Pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilitafuta nyuma ya mapigo kwa hofu, na hapakuwa na mlango wowote unaofungwa. Damu yake ilikuwa ikigonga kwa nguvu, kama ya kijana mwenye haraka.

"Bado, Mwalimu!" nikapiga kelele. "Bado kabisa! Mleteeni mkate!"

Nilifumbua macho nikicheka, nikitegemea kumwona akicheka. Hakuwa akicheka. Macho yake yalikuwa bado yamefumbwa. Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mwanafunzi wake yeyote angepaswa kulikumbuka kwanza, kwamba mimi nilikuwa nimeshika mkono wake, naye alikuwa ameshika wangu.

Aliniachia polepole. Kiganja chake kikashuka kwenye koti, kikapangusa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.

"Joto hili," akasema. "Mvua itakuja jioni."

Nje mtu alikuwa akikata nyasi za uwanja.

"Mama yako anafika lini?" akauliza, akitazama dirishani.

"Jumamosi, Mwalimu. Sasa yuko Lusaka."

"Jumamosi." Akatikisa kichwa. "Hakuna basi ya mapema?"

"Hakuna."

"Sawa," akasema. "Sawa, Msusi." Akaniuliza farasi ana mifupa mingapi, nami nikamjibu, naye akaniambia nimepatia bila kugeuka kutoka dirishani.

Nimejiambia kila kitu tangu juzi. Kwamba Durban mwezi wa pili kila kiganja kina jasho, na mtu hupangusa jasho. Kwamba ni mzee. Kwamba angejua angenificha vizuri zaidi. Halafu nakumbuka kwamba alijitahidi kweli kunificha, ila koti lilikuwa mahali pake na mkono una mazoea yake. Sikumuuliza. Aliniwekea siku zangu bila kuzigusa na sitaki kuziharibu. Jana nilifanya kazi. Leo nimefua mashuka ya kitanda cha pili, nimenunua unga wa muhogo na samaki wadogo wakavu, mama anawapenda, na nimempigia Mama Grâce kumwomba msamaha, tukaongea saa nzima juu ya upuuzi mtupu.

Mama amenipigia mchana, simu ya kuazima, akipiga kelele juu ya mngurumo wa gari. Wamevuka mto, wameingia Zimbabwe. Ameniuliza kama nitamtambua. Nikamwambia nitamtambua. Akasema kwa miaka yote hii anachokikumbuka zaidi ni vidole vyangu, vile nilivyokuwa nikimsuka uani nikiwa mdogo, na kwamba hajafumua nywele tangu Uvira ili nimsuke mimi.

Nilikuwa nimepanga kumpokea mikono ikiwa nyuma. Miaka mitatu nilijizoeza maneno ya kumweleza. Nimebadili mawazo. Jumamosi, nikifika kituoni, nitampa mama yangu mikono yote miwili, na chochote kitakachosikika humo, cha kwake au cha kwangu, tutakisikia tukiwa tumeshikana. Halafu nitamsuka.